Sifa za Safu Tano za Bei

Mnazi umepata malenga wa kuusifu, na hata jembe lina wimbo wake. Jedwali lenye safu tano za bei halijapata mtu. Kwa kuwa ndilo linaloniweka mjini, najitolea.

Nachambua data kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Kila Jumatatu asubuhi nafungua Power BI na kuwakuta wasambazaji wetu watano, kila mmoja na safu yake, wamekaa bega kwa bega kama wazee barazani. Bosi ana swali moja tu: nani ana bei nafuu? Swali hilo mama yangu hulijibu sokoni akiwa amesimama, kapu mkononi, mbele ya mafungu ya nyanya. Mimi nalipwa mshahara wa mwezi kulijibu.

Tena ni jedwali lenye haki. Msambazaji wa kwanza bei yake ni ya kilo, wa pili ya boksi la kilo 25. Wa tatu ameshaweka VAT ya asilimia 18, wa nne kaiacha uishtukie kwenye ankara, na wa tano anahesabu kwa dola. Jedwali halimbagui yeyote. Kwake namba ni namba. Wiki ya kwanza nilimtangaza yule wa dola kuwa mshindi wa misumari ya inchi nne, kwa sababu 19 ni ndogo kuliko 4,000, na kikao kizima kikanipongeza.

Halafu kuna MIN, fomula ya kutafuta namba ndogo kuliko zote. MIN ya Excel humeza hadi hoja 255 kwa mkupuo. MIN ya Power BI, ukitaka ilinganishe bei zilizo kwenye safu tofauti, hupokea mbili tu, kama mzee asiyekubali kesi ya watu watatu. Bei tano basi zinataka MIN ndani ya MIN ndani ya MIN ndani ya MIN, na mkiani mabano manne ya kufunga, ambayo nayahesabu kwa kidole kama mtu anayevuta tasbihi.

Lakini utukufu wenyewe uko kwenye seli tupu. MIN hiyo ya thamani mbili ikikuta patupu, huhesabu sifuri. Maelekezo ya programu yanasema hivyo waziwazi. Mimi ndiye sikusoma. Basi yule wa dola akang'olewa na msambazaji ambaye hakuandika bei yoyote, naye akashika nafasi ya kwanza wiki tatu mfululizo. Bosi akaniambia nimpigie haraka kabla hajapandisha.

"Misumari?" akauliza. "Kaka, sisi tunauza rangi."

Nitajie soko lingine ambako asiye na mzigo ndiye anayeuza rahisi kuliko wote.

Wanaojua kazi wananiambia ugonjwa huu una dawa: zilaze safu zote tano ziwe mistari, jina la msambazaji kwenye safu moja na bei kwenye nyingine. Hapo MIN ya safu nzima huruka patupu, mabano yanaisha, na msambazaji wa sita akija anaongezewa mistari tu. Vipimo, kodi na dola unavisawazisha kwanza, kabla ya kulinganisha chochote. Nilijaribu Ijumaa moja. Nilimaliza kabla chai haijapoa, nikaona hatari iliyo mbele yangu: kazi ya wiki imekwisha, na bado ni asubuhi.

Bosi aliniokoa. Alitazama mistari ile, akakunja uso, akauliza, "Safu zangu ziko wapi?" Nikazirudisha siku hiyo hiyo, kwa unyenyekevu. Sasa anataka na ya sita, ya bei ya mali kauli.

Nawe unayetuletea orodha ya bei, kama misumari ya inchi nne huna, tafadhali andika kwamba huna. Usiache wazi. Utashinda.