IST Yangu Imekataa Kuzeeka

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye yadi moja ya magari huku Kinondoni, nikakutana na gari langu. Sisemi gari linalofanana na langu. Langu lenyewe: IST ya kijivu ya mwaka 2003, namba C, niliyoiuza kwa mkono wangu mwaka 2018 kwa shilingi milioni 8.5, kisha nikarudi nyumbani nikimcheka aliyeinunua. Mlango wa nyuma bado umebonyea pale nilipoupiga geti. Kwenye kioo bado kuna nusu ya stika ya katuni aliyobandika binti yangu, ambaye sasa yuko sekondari na hataki kukumbushwa katuni.

Dalali akaja mbio.

“Mzee wangu, karibu. Hii haijaguswa.”

Haijaguswa! Nilitamani nimwambie imeguswa na nani na kwa geti lipi, nikanyamaza ili nijue bei.

“Milioni 10 kamili. Ila kwa kuwa ni wewe, weka 9.8.”

Kwa kuwa ni mimi. Hatujawahi kuonana tangu tuzaliwe.

Nikaomba niiwashe. Nikazungusha ufunguo, na yule mwanadada wa Kijapani akaanza palepale alipoishia mwaka 2018. Wenye magari ya Japani mnamjua: analalamika kuwa kadi ya kulipia barabara za huko kwao haijaingizwa. Nilimvumilia miaka minne. Amebadilisha mmiliki, labda zaidi ya mmoja, na hakuna aliyempa kadi yake.

Sasa tupige hesabu, maana usiku huo sikulala. Niliinunua 2014 kwa milioni 10.2. Nikaikanyaga miaka minne, nikapoteza milioni 1.7, yaani kama 35,000 kwa mwezi. Kuna watu wanalipa zaidi ya hapo kwa king’amuzi. Tangu niachane nayo imezidi kuchakaa na bei imepanda milioni 1.3. Mimi katika miaka hiyohiyo goti la kushoto limekufa na nywele zimehama, na sijaona mtu akipandisha dau.

Halafu hili si gari la jana. Toyota waliitoa IST Japani mwaka 2002, wakatoa umbo jipya 2007, na 2016 wakaacha kabisa kuitengeneza. Marekani ile ya kwanza iliuzwa kwa jina la Scion xA, na chapa hiyo ya Scion nayo ikafungwa mwaka huohuo wa 2016. Huko kwao Japani gari likishazeeka linaandamwa: ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka miwili, na likivuka miaka 13 kodi inaongezeka. Mwenyewe anaona bora aliachie mnadani kwa bei ya bure. Linapanda meli, linashuka Dar es Salaam, na hapo ndipo linazaliwa upya.

Linazaliwa ghali, lakini. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna VAT asilimia 18, na juu yake kuna ushuru wa uchakavu kwa gari lililopita miaka minane. Yaani kadiri gari linavyokuwa bovu, ndivyo unavyolilipia zaidi kuliingiza nchini. Mwenye IST iliyokwisha kulipiwa anajua hilo vizuri kuliko karani wa forodha. Mpya ikipanda bandarini, na yeye anapandisha ya kwake akiwa amekaa sebuleni.

Fundi wangu, ambaye gereji yake ni mwembe mmoja na jeki mbili, hanihurumii. “Bosi, nani alikutuma uuze?” Injini ya 1NZ anaifungua huku anabishana kuhusu Simba na Yanga, wala haangalii mikono. Spea zake zinaingiliana na za Raum, za Fun Cargo, za Probox. Ziko kila duka Kariakoo, zikiwemo zako mwenyewe: vioo vya pembeni vinaondoka usiku, asubuhi unakwenda kuvinunua tena na unapewa punguzo la mteja wa zamani.

Nadhani hapo ndipo penye siri. Mtu wa Dar hanunui IST kwa sababu ni nzuri. Kwa sura inafanana na kiatu cha mwanafunzi. Anainunua kwa kuwa mtoto akifukuzwa ada Jumatatu, Jumanne gari limeshakuwa pesa. Asiyejua hilo aniulize mimi. Nilipouza IST niliongeza hela nikanunua gari la Kijerumani, milioni 16, viti vya ngozi, taa za kukonyeza. Majirani walinisalimia kwa miezi mitatu. Likaanza kuwasha taa za dashibodi moja baada ya nyingine kama Krismasi, na kila fundi aliyelisogelea alivua kofia kwanza. Mwaka jana nimeliuza milioni 5 kwa bwana mmoja aliyetaka viti tu.

Nilipomsimulia mama watoto habari ya yadi, aliniangalia muda mrefu.

“Kwa hiyo, baba, unataka kununua gari lako mwenyewe, bovu zaidi, kwa bei ya juu zaidi?”

Nikamwambia ukilitamka hivyo linasikika vibaya.

Ombi langu kwenu wasomaji ni moja. IST ya kijivu, namba C, mlango wa nyuma umebonyea, kuna stika nusu kwenye kioo na mwanadada analalamika ndani. Mkiiona, ipiteni. Mkopo wangu wa Saccos unatoka mwisho wa mwezi.