Namna ya Kujitafuta Kabla Hujatafutwa

Mwaka juzi ulishtakiwa kwa jambo dogo, ukaachiliwa kwa dhamana, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na siku moja ya kutajwa ukawa na shughuli nzito zaidi: arusi ya binamu, au usingizi. Tangu hapo kila gari la polisi likipita unainama kufunga kamba za viatu, nawe umevaa ndara. Umefika wakati wa kujua kama hakimu alitia saini waranti ya kukukamata. Mwongozo huu ni wa wakazi wa kaunti za mashambani, na mfano wangu utakuwa Tana River: watu 315,943 kwa sensa ya 2019, waliotawanyika kutoka Madogo, ng'ambo tu ya mji wa Garissa, mpaka Kipini, mto unapomwaga maji baharini.

Anza na simu, kama kila mtu. Andika swali lako kwa Kiingereza ili mtandao ukuheshimu, nao utakuletea kurasa zinazoahidi kukutafutia waranti katika kaunti yoyote, kwa malipo madogo ya kadi. Kaunti zenyewe zote ni za Marekani. Huko karibu kila kaunti ina sherifu wake, na sherifu wengine hubandika orodha ya wanaotafutwa kwa picha na urefu. Kati ya Tama ya Iowa na Taney ya Missouri, pale ambapo Tana River ingekaa kwa mpangilio wa alfabeti, hamna kitu. Usifurahi mapema. Sherifu wa Iowa kutokujua haimaanishi OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa Hola hakujui.

Kituo cha pili cha wengi ni ofisi ya gavana. Kaunti si ndiyo serikali iliyo karibu? Nenda ukapigwe na kiyoyozi. Utaelezwa kwa upole kwamba Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti zahanati, chekechea, masoko na leseni za mbwa, lakini polisi na mahakama zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Kama mbwa wako ndiye anayetafutwa, umefika penyewe.

Hapo ndipo rafiki mwenye akili nyingi atakushauri uombe cheti cha tabia njema. Ukikipata, atasema, ujue huna makosa. Tazama uzuri wa mpango huu: mtu anayehofia kukamatwa anaingia tovuti ya serikali ya eCitizen, analipa shilingi 1,050, kisha anajipeleka mwenyewe akachovywe vidole vyote kumi kwenye wino, na alama hizo zinapelekwa kwa wapelelezi wa DCI. Kumbuka pia kwamba wanachosaka ni alama za vidole vyako katika kumbukumbu zao. Mtu aliyepuuza samansi na hajawahi kuchukuliwa alama hizo popote anaweza kupewa cheti safi, akakitia kwenye fremu, huku waranti yake imelala kwenye faili la korti ya Garsen.

Wapenda sheria wana njia yao. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 kama habari yenyewe inagusa uhai au uhuru wa mtu. Wako unagusika. Basi andika: "Kwa OCS, naomba kufahamishwa kama mnanitafuta." Chini weka jina kamili, nambari ya kitambulisho, simu, kijiji, na alama ya kuelekeza kama mkwaju au duka la rangi ya Safaricom. Mara nyingi utalalamika kwamba serikali inachelewa. Safari hii watakujibu mapema mno, tena kwa gari.

Ukiona barua inachosha, nenda kituoni mwenyewe ukaulize dirishani. Watu wamefanya hivyo. Afande atavuta lile daftari kubwa la matukio, lenye kona zilizokunjika, akalipekua polepole, na akikupata humo hutakuwa na haja ya nauli ya kurudi. Kama ni lazima uende, nenda Jumatatu asubuhi. Katiba inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, unangoja siku ya korti inayofuata. Ukienda Ijumaa saa kumi alasiri utakula Jumamosi na Jumapili korokoroni, na hakuna aliyevunja sheria. Wakenya waliipa desturi hiyo jina la Kamata Kamata Friday, na nchi haitoi jina kwa jambo la nadra.

Usimngojee chifu akuite barazani. Chifu anajua, lakini pia anamjua babako, kwa hiyo atazunguka, atauliza habari za mifugo, atasema siku hizi vijana wajihadhari. Hiyo ndiyo taarifa rasmi. Kama huielewi, vuka barabara uende kwa mama wa chai aliye mkabala na kituo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe bado hawajakushika?"

Hapo umepata kwa shilingi 20 za chai ya maziwa kile ambacho Iowa ilikataa kukuuzia. Endelea kuuliza, taratibu, ukiwa umeinamia mahamri.

"Ni korti ya Hola au Garsen?"

"Hola. Garsen ni yule kaka yako mkubwa."

Anavyojua ni rahisi kueleza. Waranti hutoka kwa hakimu ikaenda kituo cha polisi, na askari waliopewa hawawezi kuzunguka kijiji chenye nyumba zilizoachana mwendo wa saa moja bila kuuliza njia. Wanauliza wapi? Penye chai. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inafika mbali zaidi: kama jambo ni la haraka na polisi hayuko karibu, korti inaweza kumkabidhi waranti mtu mwingine yeyote aitekeleze. Kwa hiyo mtazame vizuri huyo jirani anayekusalimia kwa bidii mpya.

Jihadhari lakini na simu ya mtu anayejiita mpelelezi, mwenye sauti nzito na kelele za ofisi nyuma, anayesema waranti yako iko mezani kwake na inaweza kupotea ukimtumia elfu 5 kwa M-Pesa. Waranti ya kweli haipigi simu kwanza. Wala haipotei, na hili ndilo linalowatesa wenye subira. Wapo wanaodhani ukikaa Mombasa miaka 3 waranti inachacha kama maziwa. Kwa sheria inabaki hai mpaka itekelezwe au mahakama iifute, na inaweza kutekelezwa popote nchini Kenya. Umri wake hausemi lolote ila kwamba hujapita kizuizini ukiwa na kitambulisho.

Sasa, kwa wale wachache wasiopenda msisimko, iko njia ya kuchosha inayofanya kazi. Waranti haikai kwa gavana, wala mtandaoni. Inakaa kwenye faili la kesi, katika masijala ya korti iliyoitoa. Machi 2024 Mahakama ilitangaza uwasilishaji wa nyaraka kielektroniki nchi nzima, na orodha za kesi za siku huwekwa mtandaoni, basi unaweza angalau kupata nambari ya kesi yako na tarehe zake bila kutoka kitandani. Orodha itakuambia kesi inatajwa lini. Haitakuambia hakimu alikunja uso kiasi gani ulipoitwa mara tatu mlangoni na akaitika mbuzi.

Hilo limo kwenye faili. Mtume wakili, maana yeye akisimama masijala hakamatwi mtu. Karani atauliza nambari ya kesi. Usimpe jina peke yake. Kwenye bonde la Tana majina matatu ya mitume yakifuatana yanaweza kuwa ya watu ishirini, na huenda ukafutiwa waranti ya mtu mwingine huku yako ikinenepa. Ada ya kupekua faili ni ndogo na ina risiti. Isiyo na risiti si ada. Wakili atafungua kurasa za mwisho, palipo na mwandiko wa hakimu, atafute mstari mfupi usemao mshtakiwa hayupo, halafu herufi W/A. Hizo ndizo zilizokunyima usingizi.

Akiziona, ataomba waranti iondolewe, nawe utatakiwa kufika mwenyewe ukaeleze ulikokuwa. Chagua maelezo yenye karatasi. Mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yalipomeza barabara kati ya Madogo na Garissa, watu walikuwa na sababu nzuri sana ya kutofika popote. Ukiitaja kwa kesi ya mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, hakimu atakuomba umwonyeshe hayo maji.

Usimsahau mdhamini. Ni mjomba wako aliyeweka hatimiliki ya shamba akasema mtoto huyu namjua. Ulipokosa kufika, korti ilikuwa na haki ya kumwita ajieleze kwa nini shamba lisichukuliwe. Tangu siku hiyo yeye ni idara kamili ya upelelezi, haina Ijumaa wala likizo, na hakuna askari wa Tana River atakayekupata kabla yake.

Kama waranti ni ya deni, mambo yana utamu wake. Sheria ya madai inaruhusu mdaiwa kufungwa mpaka miezi 6, lakini anayekudai ndiye anayelipia posho yako huko gerezani. Akiacha kulipa, unatolewa. Deni linabaki pale pale, ila hawezi kukufunga tena kwa deni hilo hilo. Wapo wanaolisikia hili kama mwaliko wa kupewa chakula na malazi. Waulize waliowahi kula hicho chakula.

Waranti ikishafutwa, usitoke kortini ukipiga vigelegele. Faili limejua, lakini askari wa kizuizi cha Minjila hajui, na nakala aliyonayo haina habari na huruma ya hakimu. Omba nakala za amri zilizogongwa muhuri: moja ipeleke kituoni, moja ikae mfukoni ndani ya nailoni, na moja mwachie mama wa chai, kwa sababu askari wapya wakihamishiwa Hola ni yeye watakayemuuliza nyumba yako iko wapi.