Kalibu za Povu na Vituko vya Sakafu ya Ghorofani

Miongoni mwa vifaa vya ujenzi wa nyumba za kuishi, kalibu ya polistirini, yaani umbo la povu gumu jeupe ambalo humwagiwa zege na kuachwa humohumo jengoni badala ya kubanduliwa kama mbao, ndiyo pekee inayoweza kumfanya mtu mzima akimbizane na sakafu yake barabarani. Mkanada Werner Gregori aliomba hataza ya kalibu za namna hii katika miaka ya 1960, akiwa na kuta akilini. Sakafu zilifuata baadaye, na vituko vikapanda nazo ghorofani.

Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400, ilhali povu la ujazo huohuo kwa kawaida halifiki hata kilo 40, na ndiyo maana upepo ukivuma kabla ya nondo kufungwa, kibarua hutumwa kwa jirani na kurudi amekumbatia nusu ya sebule. Povu likikatwa kwa msumeno, chenga zake, zikisaidiwa na umeme tuli, hung'ang'ania suruali, ndevu na hata chai kama nazi iliyokunwa. Mirunda, yaani nguzo za muda zinazoshikilia kalibu mpaka zege likomae, huwa na adui mmoja tu, naye ni mwenye nyumba mwenye haraka, ambaye huitazama kila jioni akijiuliza kama mmoja ukitolewa makochi hayatapita, ingawa nguvu ya zege hupimwa kwa desturi hadi siku ya 28.

Hata hivyo, hakuna kisa kinachokishinda kile cha bomba la choo. Njia yake hupaswa kuachwa wazi kabla ya kumwaga, kwani kutoboa baadaye ni kubahatisha palipolala nondo. Lakini fundi bomba hufika kesho yake, bomba begani, akakuta sakafu laini isiyo na tundu hata moja. Hapo huzuka mjadala mrefu: yeye hudai hakusubiriwa, fundi zege hudai hakuonyeshwa mchoro, na mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyeagiza zege lije mapema, hugundua ghafla kwamba ana simu ya kupokea. Mchoro wenyewe hupatikana jioni, umefunika ndoo ya maji ya kunywa, ukiwa na duara jekundu mahali palepale pa choo.