Meza ya Mwalimu

Mume wangu akiulizwa bei na mtu asiyemjua, hana haya hata kidogo. Anataja elfu zake, na mteja akianza kulalama, yeye anarudisha penseli nyuma ya sikio na kuendelea kupiga randa. Tatizo ni majirani. Hapa Kimumu, Eldoret, kando ya barabara ya Iten, majirani ndio wateja wake wengi, kwa kuwa kazi yake hasa ni kuendesha lori na useremala ni wa Jumamosi, kibandani nyuma ya nyumba.

Mwalimu alipokuja kuagiza meza ya watu wanane, nilijua mwisho wake hautakuwa mwema. Ni mama mstaafu. Ndiye aliyemfundisha kifungua mimba wetu kusoma, na miaka yote hutuletea mursik ya nyumbani kwake, yale maziwa ya mgando yenye majivu ya mti wa senetwet, ndani ya kibuyu cha sotet. Mtu wa namna hiyo utamtajia bei kwa mdomo gani? Alitaka futi sita kwa tatu, miguu minene, isitikisike. Mzee akasema, "Sawa, Mwalimu." Naye akajibu, "Mambo ya pesa hayatatukosanisha, kijana wangu," akaaga. Nilimkazia macho mume wangu. Akainama kutafuta tepu ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Alinunua saiprasi. Mgeni angedhani kwamba kwa kuwa msitu wa Kaptagat uko karibu, mbao Eldoret zinagawiwa kama maji ya mvua. Lakini serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu yake Februari 2018, bei zikapanda, na hata Rais Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku imekwisha, huku kwetu hazikurudi zilikokuwa. Halafu kuna hesabu ambayo mteja haioni. Mbao ya inchi sita ikitoka kwa msumeno ina manyoya. Ipige randa, nyoosha kingo ziumane vizuri kwa gundi, utabaki na inchi tano na robo hivi. Kwa hiyo uso wa futi tatu, ambao kwa hesabu ya darasani ni mbao sita, unataka saba. Hiyo ya saba nani huilipia? Kwa kawaida fundi, tena bila kujua.

Meza ilitoka nzuri, sitaki kuidharau. Wanaume wanne waliibeba kwa shangwe hadi kwa Mwalimu, na pale mlangoni shangwe ikaisha. Mlango wake unaingilia kwenye ukumbi mwembamba. Ukiingiza miguu miwili ya meza, uso unagonga ukuta. Wakailaza, wakaisimamisha, wakaigeuza, huku kila mmoja akitoa amri. Miguu ilikuwa imeshikwa kwa vigingi na gundi, haing'oki. Ikarudi kwetu "kwa muda", makochi yetu yakahamia barazani, na tukaanza kula kama familia ya waziri.

Huo muda ulinenepa. Watoto wakaandikia kazi ya shule pale. Wakwe wakaja, tukawaandalia pale. Siku moja mtu (sitamtaja, anajijua) akaweka sufuria ya moto juu ya vanishi bila kitambaa, ikaacha duara jeupe. Na pesa bado hakuna aliyezitaja.

Hatimaye nilichukua daftari nikaandika mwenyewe. Mbao, gundi, msasa, vanishi, kukodi mashine ya randa, pikipiki ya kubebea: 8,400. Kazi: 7,000. Mzee akataka kufuta mstari wa kazi. "Hizo Jumamosi ningekuwa nimekaa tu," akasema. Nikamwambia basi akae. Hoja hii ya mafundi siielewi hata leo: gundi ikitumika wanaihesabu kwa kijiko, lakini mgongo wao wanautoa sadaka. Nikajumlisha 15,400, nikavaa leso, nikaenda.

Mwalimu alisoma ile karatasi kama anasahihisha insha. "Barabarani ni elfu kumi na mbili." Nikasema ya barabarani imepigwa misumari, kiangazi cha Januari kitaipasua. "Au ni kwa sababu Agosti 2024 tulipewa jiji? Sasa bei pia ni za jiji?" Kisha, kwa upole: "Na hiyo meza mmeilia nyama. Kuna duara nimeliona."

Hapo akainuka akaleta daftari lake. Tangu siku ya kuagiza, kila sotet aliyotuletea ilikuwa imeandikwa: tarehe, lita, bei. Kwa kuwa fundi hakutaja kiasi, naye akaona aibu kuuliza asije akaonekana hamwamini, aliamua kulipa polepole. "Mama, hukuona nimeongeza?" Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni mapenzi, na nusu ya malipo ya meza niliwanywesha wakwe.

Mursik ilifika 3,600. Duara nililipunguzia 800. Akatuma 11,000 kwa M-Pesa, na Jumamosi iliyofuata wanaume wale wale waling'oa dirisha la sebule yake, grili na yote, meza ikapita. Kulirudisha dirisha mume wangu hakutoza kitu, na mimi sikuulizwa.

Haikupita muda Mwalimu akaja kuagiza viti vinane. Safari hii mzee alikuwa safarini na lori, Mungu ni mwema. Nikasema 2,500 kimoja, nusu kabla mbao haijanunuliwa. Akasema 2,000. Tukavutana kwa raha kabisa, kama watu wa sokoni, tukakutana kwenye 2,300. Akatuma 9,200 tukiwa bado tumeketi, akaandika daftarini, akakunja miwani. Kisha akanitajia bei ya mursik, kwa lita.