Fadhila za Tundu la Paani

Miongoni mwa vitu ambavyo binadamu amevitengeneza kwa mikono yake na kisha akashindwa kuvishukuru ipasavyo, tundu la paani linastahili nafasi ya mbele, hasa lile lililopanuliwa na fundi aliyepima kwa macho. Vitu duni kuliko hilo vimekwisha kupata wa kuvisifu: Lucian wa Samosata aliandika sifa za nzi katika karne ya 2, Synesius wa Cyrene akausifu upara, na Erasmus wa Rotterdam akauvika ujinga taji katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kupanda juu ya paa.

Tundu linalozungumziwa hapa ni la karavani, yaani tela la kulala linalovutwa na gari, lenye kitanda, jiko dogo na kabati, ambalo gamba lake limeundwa kwa faiba, maana yake nyuzi za kioo zilizolowekwa katika rezini, gundi inayokauka ikawa ngumu. Mkoani Morogoro matela ya aina hiyo si mengi, na anayetaka kuyaona hana budi kungoja wasafiri wa masafa marefu kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Iringa, inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Ikitokea moja likauzwa njiani na kuegeshwa chini ya mwembe huko Mamboya, kwenye miinuko ya Ukaguru, wenyeji hawana sababu ya kulistaajabia, kwa kuwa mahali hapo pamezoea wapita njia tangu karne ya 19, misafara ya wapagazi kutoka Saadani ilipokuwa ikipita kuelekea Mpwapwa. Wasafiri wa wakati huo walilala kwenye mahema, au waliendelea bara wakazikuta tembe, nyumba zenye paa bapa la udongo, ambazo moshi wake ulitoka kwa adabu kupitia mlangoni.

Asili ya tela la faiba inaeleza mengi kuhusu hitaji lake la tundu. Mjini Winnipeg, Kanada, mtu aitwaye Ray Olecko, aliyekuwa amekwisha kubuni tangi la maji taka la faiba, mwaka 1968 alianza kutengeneza tela dogo liitwalo Boler kwa malighafi ileile, gamba lake likiwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyounganishwa kiunoni. Sifa kuu ya tangi la maji taka ni kwamba kilichomo hakitoki na kilichoko nje hakiingii, na tela liliurithi uadilifu huo, ndiyo maana mtu aliyelala ndani yake huko Mikumi mwezi wa Novemba huelewa kabla ya saa nne asubuhi kwamba anapikwa. Hewa ya moto hupanda, hukuta dari, hukaa. Ndipo likatobolewa tundu dogo lenye kifuniko, ndipo likaja feni la paani linalodai tundu la inchi 14 kwa 14, yaani sentimita 36 hivi kila upande, wakati baadhi ya matela ya zamani yana tundu dogo zaidi ya hilo, na ndipo akaitwa fundi.

Fadhila kubwa ya tundu lililopanuliwa, inayotosha kulipatia cheo miongoni mwa vyombo vya elimu, ni kupima mvua. Kanuni ya kazi hiyo ni nyepesi: milimita moja ya mvua iliyonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kipimamvua cha mtindo wa Kiingereza kina mdomo wenye kipenyo cha milimita 127, hivyo hupokea mvua kwenye eneo la sentimita za mraba 127 hivi. Tundu la kale la tela, likiwa na sentimita 28 kila upande, lina sentimita za mraba 784, na likishapanuliwa kufikia sentimita 36 huwa na 1,296, yaani zaidi ya mara kumi ya chombo kinachoaminiwa na wataalamu. Mvua ya milimita 10, ambayo kwa masika ya Ukaguru ni salamu tu, ilikuwa na haki ya kuingiza ndani robo tatu ya lita na ushee. Sasa ina haki ya lita 1.3, na hiyo nusu lita iliyoongezeka ndiyo faida halisi ya upanuzi, ingawa hakuna muuza feni anayeitaja.

Wapo watakaosema kwamba tundu lina kifuniko. Hiyo ni hoja ya watu ambao hawajalala chini yake. Kifuniko hakiyazuii maji bali huyaratibu: huyakusanya kwenye kona moja, huyangojesha mpaka mlalaji apate usingizi, kisha huyaachia tone baada ya tone mahali palipo na mto. Kwa sababu hiyo kituo hiki cha hali ya hewa hakihitaji mtunza kumbukumbu wa kwenda kusoma kipimo saa tatu asubuhi, kwa kuwa kipimo chenyewe ndicho kinachomwamsha. Viwango vyake navyo vinaeleweka bila kufundishwa, navyo ni mvua ya kikombe, ya sufuria, ya beseni, ya ndoo, na mwisho mvua ya kubeba godoro, ambayo haina kiwango cha juu yake. Aliyeishi chini ya tundu kwa msimu mmoja wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, huweza kutofautisha kwa sikio manyunyu, rasharasha na mvua ya upepo. Zaidi ya hayo, maji ya leo yaliyojificha kati ya faiba na ubao wa dari huendelea kudondoka kesho kutwa jua likiwaka, na hivyo tundu hufanya lile ambalo hakuna kipimamvua kingine kilichowahi kulifanya, yaani kupima mvua isiyonyesha.

Fadhila zilizobaki zinatosha kutajwa kwa kupita. Tundu pana huingiza nyota, mbung'o, vumbi la malori yaendayo Zambia na harufu ya mkaa wa jirani, bila ubaguzi. Huko Mikumi, ambako hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, nyani hulitambua kuwa ni mlango. Aidha, tundu huwapunguza wageni wanaokaa zaidi ya siku mbili.

Ni haki kueleza pia jinsi tundu linavyopatikana. Utaratibu sahihi unajulikana: kupima fremu ya feni lenyewe, kubandika utepe wa karatasi na kuchora mstari juu yake ili kingo zisichanike, kuvaa barakoa kwa sababu vumbi la nyuzi za kioo huwasha ngozi na kudhuru mapafu, kukata polepole kwa msumeno wa meno madogo, kupaka rezini kwenye ukingo mpya ili maji yasinyonywe na mbao za ndani, kuimarisha dari kwa fremu ya mbao ili paa lisibonyee na kutuamisha maji, na mwisho kutandika butili, yaani utepe wa mpira laini unaonata usiokauka, kabla ya kukaza skrubu. Utaratibu halisi ni mfupi zaidi. Fundi hupanda na grenda, hukata kwa kukadiria, tundu likilizidi feni kwa vidole viwili husema, "Bosi, hapo silikoni itapameza," kisha hushuka kwenda kufuata riveti mjini Dumila, na tundu hubaki limefunikwa kwa mfuko wa saruji na mawe mawili, siku ambayo hata kuku wameona wingu na kuingia ndani. Simu yake haipatikani. Ikipatikana, yuko njiani. Yuko njiani tangu Jumanne, na leo ni Ijumaa, na Dumila haijahama! Malipo ya awali yamekwisha kuliwa, godoro limeloa, feni liko ndani ya boksi lake na boksi limeloa pia. Lakini maandishi ya kusifu hayapaswi kupandisha sauti.

Isitoshe, fundi si mwasisi wa elimu hiyo, ameiga wakubwa. Wilaya ya Kilosa, yenye Mamboya na Dumila ndani yake, ina matundu mengine, muhimu kuliko la tela, nayo ni makalavati, yaani mabomba ya zege au chuma yanayopitisha maji chini ya barabara, pamoja na nafasi zilizo chini ya madaraja. Upana wake hutokana na hesabu ileile ya mvua na eneo: mvua inayonyesha mlimani, ukubwa wa bonde linaloikusanya, na kasi ya maji yanapofika chini, ambayo huongezeka misitu inapokatwa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake Kilosa, ukaiharibu reli ya kati, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Januari 2014 maji ya milimani yaliikata barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma darajani Dumila, magari yakakwama pande zote mbili. Kwa watu wa mahema, tone linaloangukia mlalaji halikuwa jambo la kutungiwa sifa, na hapo ulimi wa msifu hukwama.

Linaloshangaza ni mgawanyo wa vipaji. Palipo na paa zima, ambalo tundu dogo lingelitosha, hupatikana mara moja mtu, mashine na ari ya kupanua. Palipo na kalavati jembamba lililozibwa nusu kwa magogo na mchanga, huku maji ya mlima mzima yakingoja zamu, upanuzi huhitaji upembuzi yakinifu, kikao, mwaka mwingine wa fedha, na ziara ya kiongozi mwenye mabuti mapya, ambaye husimama ukingoni, huonyesha kwa kidole na hupigwa picha. Baada ya ziara huja kifusi. Kifusi ndicho silikoni ya barabarani: humwagwa penye ufa, hupendeza mbele ya mgeni rasmi, na huondoka na mvua ya kwanza.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba tela lenye tundu lililopanuliwa lisitupwe, bali litumike kwa mafunzo kazini. Mhandisi anayeidhinisha upana wa kalavati, mhasibu anayeupunguza ili bajeti itoshe, na kiongozi anayekata utepe walale humo usiku mmoja wa Aprili, Mamboya, wakiwa na beseni moja kwa watu watatu. Kufikia alfajiri watakuwa wamekubaliana, bila mwezeshaji, kwamba mwenye kauli juu ya ukubwa wa tundu ni maji. Posho yao ikatwe gharama ya maji, kwa kuwa yatatolewa humohumo.