Mchicha na Tarehe za Mshahara

Katika nyumba yetu mchicha una tarehe zake. Mshahara ukiingia tunakula nyama, tunakula sangara, na kuku tukipata mgeni wa kumsingizia. Katikati ya mwezi tunateremkia maharage na dagaa. Ikifika tarehe 20, mama wa genge ananifungia mafungu mawili ya mchicha akiniona tu nakata kona, hata salamu hatujapeana. Ndivyo zinavyoishi nyumba nyingi za huku kwetu Tabata, na hakuna aliyewahi kulalamika, mpaka Jumamosi moja alipotutembelea bosi wa mume wangu.

Ilikuwa mwanzoni kabisa mwa mwezi, kwa hiyo kuku alikuwepo. Lakini nikawaza, huyu ni mtu mzima, bila shaka ana presha, na watu wa presha kila siku wanaambiwa wapunguze mafuta. Nikaongeza matembele. Niliyachambua jani kwa jani, nikayaunga kwa tui la kwanza, nikayatia kwenye lile bakuli la maua ambalo hutoka kabatini Idi na Idi. Tukakaa mezani, tukanawa. Kitinda mimba wangu, mwenye miaka minne na sauti ya mnadani, akafunua bakuli, akachungulia, akamgeukia baba yake kwa huruma kabisa.

"Baba, hujalipwa?"

Baba watoto akakohoa. Bosi naye akakohoa. Mimi nikanyanyuka kwenda jikoni kufuata chumvi, ambayo ilikuwa mezani mbele yangu.

Mtoto yule hakufunzwa na mtu. Ametazama tu. Ameona kuku anakuja na mgeni, pilau inakuja na sikukuu, paja na firigisi zinakwenda kwa baba, na majani yanakuja pochi ya mama ikikauka. Kwa mdomo tunamwambia mboga za majani zina vitamini, zinaongeza damu, zinang'arisha macho. Kwa sahani tunamwambia ni chakula cha shida. Kati ya mdomo wangu na sahani yangu, ameamua kuamini sahani, na sijui ningemlaumu kwa lipi.

Halafu kuna baba yake mwenyewe. Mume wangu alisoma bweni, na bweni lilimpa vitu viwili: kidato cha sita na chuki ya kabichi. Anasema kabichi ya shuleni kwao ilichemshwa kwenye pipa, bila kitunguu wala mafuta, na maji yake yalitosha mtu kuoga. Aliapa kwamba siku akishika hela yake mwenyewe, kabichi haitamwona tena. Ameshika kiapo hicho kuliko alivyoshika vingine ninavyovijua mimi. Chuki yenyewe imetapakaa mpaka kwa mchicha, matembele, chainizi na bilinganya, ambao hawakusoma naye. Mboga anayoitambua ni chipsi.

"Kwani kiazi si mmea?" huwa ananiuliza.

Siku moja nikamsomea maelekezo ya Shirika la Afya Duniani. Kuanzia umri wa miaka 10 mtu apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Wa miaka 6 hadi 9 gramu 350. Wa miaka 2 hadi 5 gramu 250. Viazi na mihogo havihesabiwi. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza: "Na kachumbari ya kwenye chipsi mayai?" Nikamwambia hiyo inahesabiwa. Akashusha pumzi kwa furaha. Kachumbari yenyewe mnaifahamu: vipande vitatu vya nyanya na kitunguu kilichopita njia.

Sasa mtu huyu akikaa mezani, mkono mmoja unamwelekezea mtoto kidole, "kula mboga wewe", na mkono wa pili unasukuma mchicha wake mpaka ukingoni mwa sahani. Mwanangu wa kwanza ana miaka tisa. Naye anasukuma, kwa kidole kilekile, mpaka ukingo uleule. Nikitia karoti kwenye pilau anazitoa moja moja, kwa makini ya mtu anayechambua mawe kwenye mchele, halafu anazipanga pembeni mstari ulionyooka. Nimembeba mimi miezi tisa, lakini mezani ni wa baba yake.

Suluhisho la kwanza alilileta wifi yangu, mtu wa benki. Alikuja kututembelea, akatazama mezani, akatangaza kwamba watoto wanahitaji motisha. Amalizaye mchicha apewe soda. Wiki ya kwanza watoto walikula majani mpaka mama wa genge akaniuliza kama tumefungua mgahawa. Wiki ya pili zikaanza hesabu. Kijiko kimoja, soda ndogo. Vijiko viwili, soda kubwa na biskuti. Bamia lilikuwa na bei ya peke yake kwa sababu ya utelezi, wenyewe waliita posho ya mazingira magumu. Ndipo tukaalikwa harusi ya mtoto wa jirani. Foleni ya chakula ikafika kwetu, dada wa kupakua akachota spinachi ya nazi kwa ukarimu kabisa. Mwanangu wa kwanza akavuta sahani yake nyuma.

"Shikamoo dada. Nikila hii, mnanipa nini?"

Nyuma yetu alikuwa mama wa bwana harusi.

Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, Leann Birch, na wenzake waliandika habari za watoto wadogo waliopewa kinywaji cha maziwa. Waliokuwa wakizawadiwa ili wakinywe, mwisho walikipenda pungufu kuliko mwanzo. Nami nikitafakari naona watoto wale walikuwa na akili timamu. Kitu kitamu mtu halipwi kukila. Hakuna aliyewahi kunipa hela nile mishikaki.

Wifi alipoondoka na motisha yake, dada wa nyumbani akaleta sheria ya kwao: hakuna kuinuka mpaka sahani iwe nyeupe. Hakutumia fimbo. Alikaa tu kwenye kiti mkabala nao, akishona mkeka, akiwatazama. Siku ya tatu sahani zikaanza kurudi jikoni safi kabisa, na nyumba nzima ikamsifu. Kitinda mimba akapigiwa hata makofi, akainama kupokea.

Ijumaa iliyofuata mjomba wangu akapitia kwetu akitoka msikitini, ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akakaa kwenye kochi lenye nafasi, karibu na dirisha. Tukala, tukazungumza habari za ndugu, akanywa kahawa. Aliposimama kuaga niliona nyuma ya kanzu yake ramani ya kijani, bichi, ikitambaa kutoka kiunoni kwenda chini. Nikainua mto wa kochi. Chini yake kulikuwa na mchicha wa siku hiyo, matembele ya jana, na kitu kingine cha zamani zaidi ambacho sisimizi walikuwa wameshakigawana mirathi. Mjomba alifungwa khanga yangu, akaondoka na teksi. Mpaka leo akija huwa anasema amekuja mara moja tu, anasimama mlangoni.

Huyo Birch, mwaka 2006 akiwa na wenzake wengine, waliandika juu ya supu. Watoto wa shule ya awali walioambiwa "maliza supu yako" walikula kidogo kuliko walioachwa wajilie kwa amani, na maneno mabaya waliyoisemea supu yalikuwa mengi zaidi. Juu ya makochi hawakusema lolote. Nadhani huko Marekani walikulia kwenye viti vya mbao.

Kuna wanaosema mambo huanza mapema zaidi. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walichapisha utafiti wa akina mama waliokunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha. Watoto wao walipoanza kulishwa uji wenye karoti hawakukunja sura sana. Habari hizi zilinifikia nimeshamaliza kuzaa. Mimba yangu ya kwanza niliiendesha kwa udongo wa pemba na maembe mabichi, na mtoto aliyetoka, kabla hajaota meno, alikuwa anafuata ukuta wa sebuleni na ulimi wake.

Na hayo maembe ndiyo yanayonichanganya. Mwanangu wa kwanza nikimkatia papai zuri, vipande vya mraba, nikamwekea na uma, anasema lina harufu. Nanasi linamuuma ulimi. Ndizi ina kidoa. Mtoto huyohuyo anarudi shule midomo imevimba kwa embe bichi la chumvi na pilipili, ukwaju umemganda mkononi, shati la shule limeingia zambarau ambazo hazitoki kwa sabuni yoyote. Siku moja jirani alikuja kushtaki, na ushahidi ameshika: ndala ya mguu wa kushoto iliyobaki juu ya mpera wake.

"Mama, mwanao ananimalizia mapera."

Nikafoka kama desturi inavyotaka. Nikamwita mtoto, nikamsema mbele ya mlalamikaji, akaomba msamaha, akapewa ndala yake. Jirani aliporidhika nikamsindikiza mpaka getini, nikamuuliza kwa sauti ya chini: "Samahani lakini jirani, kwani amekula mangapi?"

"Hayapungui sita."

Sita! Na pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Usoni nilikuwa na aibu ya mzazi, moyoni napiga vigelegele. Kule juu ya mpera hakukuwa na mtu wa kumwambia ale, hakuna soda, hakuna dada wa mkeka. Kulikuwa na mbwa tu, naye alikuwa anamwambia asile.

Mama mkwe alipokuja kutoka Kondoa, mzigo wake ulikuwa unga wa uwele na mlenda mkavu uliotwangwa. Hakuuliza watoto wanakula nini. Jioni alisonga ugali, akapika mlenda wake kwa karanga, akatandika mkeka uani, akamwita mwanawe. Na Baba watoto, adui wa kila jani lililoota juu ya nchi hii, akavua viatu, akakaa, akaanza kula. Alikuwa anachovya, anazungusha tonge kukata utelezi, anafumba macho. Akatoa na mguno mdogo ambao mimi, pamoja na vyeti vyangu vyote vya upishi, sijawahi kuusikia.

Televisheni ilizimwa yenyewe. Watoto wakasimama mlangoni.

"Bibi, hicho ni nini?"

"Cha watu wazima. Rudini kwenye katuni zenu."

Wakarudi, wakaja tena. "Bibi, kidogo tu."

"Mtajichafua. Hiki kinataka mtu anayejua kukata."

Kitinda mimba akajisogeza mpaka mapajani mwa baba yake. Bibi akaguna, akatazama pembeni, akampa kitonge cha ukubwa wa njugu. Mtoto akachovya, akavuta, uzi wa mlenda ukatoka bakuli ukapita kidevuni ukanasa kwenye nyusi. Akacheka mpaka akapaliwa. Akaomba tena. Mkubwa alipoona mdogo wake anafaidi, akanawa mikono bila kuambiwa, jambo ambalo nalo lingestahili utafiti.

Usiku nikamuuliza mama mkwe alitumia dawa gani. Akanitazama kwa mshangao. "Mwanangu, huyu mumeo alikuwa mkaidi kuliko hao wawili. Nilikuwa nakula mbele yake kila siku, namnyima." Wataalamu wangesema mengi hapa: kwamba watoto wa kuanzia miaka miwili huogopa chakula wasichokizoea, kwamba huenda wakahitaji kukionja mara 8 hadi 15 ndipo wakizoee, kwamba huiga watu wanaowapenda. Mama mkwe hakuhesabu onja yoyote. Alikuwa na bakuli, alikuwa na njaa, na alikipenda kweli alichokuwa anakila.

Alipoondoka nikaona nami nijaribu. Nikapika mchicha, nikakaa nao peke yangu, nikatangaza kwa sauti kavu kwamba leo mchicha ni wa watu wazima, watoto hawaruhusiwi.

"Asante mama," wakajibu wote wawili.

Ilikuwa tarehe 22, na hao ni watoto wanaosoma kalenda. Ikabidi nianze na kalenda yenyewe, kisha na baba yao. Siku hizi matembele yanakaa mezani tarehe 28, mshahara ukishaingia, pembeni ya kuku, katika bakuli la maua. Mara ya kwanza walipoviona viwili hivyo pamoja walipata wasiwasi, mkubwa akaniuliza kama tunahama. Anayepakua wa kwanza ni Baba watoto. Kitinda mimba anamkodolea macho kuanzia tonge linapoinuka.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua."

Anafungua. Mchicha ameukubali kwa sharti utiwe karanga, bamia anasema linamkumbusha kwao, bilinganya ameomba muda. Kuhusu kabichi hakuna mazungumzo, na kwa kuwa kodi ya nyumba analipa yeye, sijaigusia.