Mwongozo wa Wanandoa Wanaotaka Kufahamiana na IRS

Umefika Marekani, kazi umepata, na sasa ni Februari. Mwajiri amekuletea W-2, karatasi ya mshahara wako wa mwaka, na binamu wa rafiki yako mwenye kompyuta amekuahidi marejesho ya kodi manono kuliko ya mwaka jana. Fomu 1040, kabla haijakuuliza umeingiza kiasi gani, inataka kujua habari za ndoa yako. Visanduku ni vitano. Ukitaka kuchagua vibaya, usichague hovyo, fuata mwongozo.

Anza na kosa linalopendwa kuliko yote: jiandike hujaoa kwa sababu mke yuko Tanga. Hoja unazo. Nikaha ilisomwa msikitini Ngamiani, hakuna Mmarekani aliyealikwa, na bibie hajawahi kukanyaga hata mlango wa ubalozi wao. Lakini ndoa iliyofungwa kihalali Tanzania haiyeyuki juu ya Atlantiki. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaihesabu kama ndoa, mke awepo asiwepo. Wewe usijali, endelea hivyo miaka mitatu. Siku mtakapochoka kuishi kwa WhatsApp, jaza maombi ya kumleta mke, na ukifika kwenye hati ya udhamini, I-864, ambatisha ritani yako ya mwaka wa karibuni. Ofisa wa uhamiaji atakuwa na karatasi mbili mezani, moja ina mke, nyingine haina, na zote mbili zina saini yako.

Njia halali zipo, ila zina maudhi yake. Unaweza kufaili kama mwenye ndoa aliye peke yake kwenye ritani. Au nyote wawili mnaweza kusaini tamko kwamba mke ahesabiwe mkazi wa Marekani kwa mambo ya kodi, kisha mfaili pamoja. Hapo atahitaji namba ya mlipakodi, na pasipoti yake halisi, au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa, isafiri hadi Austin, Texas. Mapato yake ya duniani kote nayo yataingia kwenye fomu: duka la vitenge, kodi ya vyumba vya uani, vyote. Hayo anaweza kuyavumilia. Ila ritani ya pamoja huwa na saini mbili, na mwenye kusaini husoma. Bwana aliyekuwa akituma dola mia mbili kwa mwezi huku akilia maisha magumu, ajiandae kueleza ule mshahara ulioandikwa pale juu.

(Mwenye wake wawili asihangaike kutafuta mstari wa pili. Haupo.)

Ukiona hilo la kwanza ni kosa la wanagenzi, jiandike mkuu wa kaya. Kishawishi ni kikubwa: kwa mapato ya 2025, kiasi kinachokatwa kabla ya kodi kuhesabiwa ni dola 23,625 kwa mkuu wa kaya, na 15,750 kwa asiyeoa au aliyeoa akafaili mbali. Binamu wa rafiki yako atakisifia sana kisanduku hiki. Hakitolewi kwa ndevu, wala kwa kukalia kiti cha mbele sebuleni. Mtu mwenye ndoa hukipata kwa tabu: abebe zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, aishi humo na mtoto wake zaidi ya nusu ya mwaka, na kwa kawaida mwenzake awe hajalala humo miezi sita ya mwisho. Kuwalipia watoto ada kule Tanga ni ubaba mwema, lakini hakukupi kisanduku. Sheria ya wategemezi imewakumbuka watoto wasio raia wanaoishi Canada na Mexico, Tanga haijafika.

Sasa tuseme nyote mko huku, mnalala nyumba moja na mnapatana. Kufaili pamoja ndiko kunakolipa kwa wengi, hasa mmoja akiwa anaingiza kingi na mwingine kidogo. Bunge la Marekani lilipanga hivyo mwaka 1948. Kwa 2025 mnakatiwa dola 31,500. Basi sainini haraka, msiulizane kitu. Saini ile inamfanya kila mmoja adaiwe deni lote. Mume akificha mapato ya magari anayouza pembeni, mke anaweza kudaiwa kodi yake hata baada ya talaka, na hakimu wa talaka hawezi kuizuia IRS kwa kuandika kwamba deni ni la bwana. Ipo Fomu 8857 ya kuomba kusamehewa kwa kutojua. Kutojua itabidi ukuthibitishe.

Kisha kuna marejesho. Mmeyapangia sofa, na inakuja barua ya Hazina: pesa zimechukuliwa kulipa matunzo ya mtoto yaliyolimbikizwa na bwana. Mtoto gani? Nimesikia ndoa zikitikiswa na simu na harufu ya manukato, lakini serikali hufanya kazi hiyo kwa herufi kubwa na namba ya kumbukumbu. Mke anaweza kudai fungu lake kwa Fomu 8379. Habari za mtoto zitajadiliwa nyumbani.

Kwa hiyo mtakimbilia kufaili mbalimbali, kila mtu na siri zake. Mtapoteza nafuu za masomo, na kwa kawaida ile ruzuku ya wenye kipato kidogo. Mmoja akiorodhesha matumizi yake, mwingine hapati lile kato la kawaida. Na kama mnataka siri kwelikweli, hamieni Houston. Texas ni miongoni mwa majimbo tisa ambako mapato ya wanandoa ni mali ya wote wawili. Hata mkifaili mbali, kila mmoja hutangaza nusu ya mshahara wake na nusu ya mshahara wa mwenzake.

Yamebaki mambo ya kalenda. IRS huitazama ndoa yenu ilivyo tarehe 31 Desemba. Mume na mke wa Maryland, wote watumishi wa serikali, waliona ndoa inawaongezea kodi, wakaachana Haiti mwishoni mwa 1975 na kuoana tena mwanzo wa mwaka. Mwishoni mwa 1976 wakarudia, safari hii Jamhuri ya Dominika. Mahakama ya Kodi iliwakatalia mwaka 1980; mahakama ya rufaa ikairudisha kesi ichunguzwe kama talaka zile zilikuwa maigizo tu. Kwa hiyo mkiachana, muachane kweli.

Na msisaini usiku wa tarehe 14 Aprili mkiwa mmenuniana. Ritani mbili mlizofaili mbalimbali mnaweza kuziunganisha ndani ya miaka mitatu. Ritani ya pamoja, siku ya mwisho ya kufaili ikishapita, haitenganishwi tena, hata mkiwa mmeshapeana talaka.